Impreza iliyoshushwa na matairi yanayoliwa kwa ndani: shajara ya mradi

Km 154,120. Tarehe 9 Machi

Nilikwenda kuziba pancha tu. Msumari ulikuwa kwenye tairi la nyuma kulia, upepo ukipungua kidogo kidogo tangu juzi. Fundi pancha akalitoa, akalilaza chini, akapitisha kiganja upande wa ndani, kisha akaniita: "Kaka, njoo uone. Hili ulikuwa unakwenda nalo wapi?"

Kwa nje lilikuwa zuri. Kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, zimesimama, mifereji ina kina, na gari likiwa limeegeshwa ungesema matairi ni ya juzi. Kwa ndani, ukanda wa upana wa vidole viwili ulikuwa kipara kabisa, na sehemu mbili waya zimeanza kutokeza. Tukatoa na la kushoto. Waya bado, ila kipara kilikuwa kimeshaingia.

Matairi haya niliyafunga yakiwa mapya gari likisoma 148,900. Yamekwenda kilomita 5,220. Na jana usiku nilikuwa nayo Barabara ya Morogoro, natoka kumchukua mama, yeye yuko kiti cha nyuma na gunia la mchele kwenye buti, spidi mia kasoro. Tangu asubuhi sijatulia. Tairi likipasuka kwa nyuma kwenye spidi ile, na lori linakuja mbele, hakuna dereva wa kujisifu.

Nimeamua kila hatua niiandike hapa mpaka nijue kwa hakika ni nini kilichoyala. Gari ni Subaru Impreza ya 2005, ya milango mitano. Springi fupi zilifungwa kwenye 148,300, zikalishusha milimita 35. Rimu ni inchi 17, matairi 215/45R17, moja nimelinunua laki mbili na ishirini. Kabla ya kulishusha, suala la tairi kuliwa upande mmoja sikuwahi kulijua.

Km 154,120. Tarehe 10 Machi

Nimepima kina cha mifereji kwa venia, kipimo cha milimita. Nyuma kulia: ndani hakuna kitu, katikati milimita 5.8, nje 6.4. Nyuma kushoto: ndani 1.2, katikati 5.9, nje 6.3. Ya mbele yana nafuu, ndani 4.6 na nje 6.0 pande zote mbili. Tairi hili likiwa jipya lina karibu 8, na vile vinundu vya alama vilivyomo ndani ya mifereji huwa sawa na kashata zinapobaki 1.6. Kwa hiyo la kushoto nalo lilishakufa, sema halijazikwa.

Upepo si chanzo. Upepo mdogo hula mabega yote mawili, upepo mwingi hula katikati. Hapa limeliwa bega moja tu.

Fundi pancha ameshauri tuyageuze kwenye rimu, upande wa ndani uje nje, niendelee kuyatumia. Nimemshukuru na nimekataa. Matairi haya yameandikwa ubavuni upande upi ukae nje, na zaidi ya hapo waya zikishaonekana tairi ni la kutupa. Nimeyachana mwenyewe kwa kisu ili mtu asije kuyaokota akayauza. Kwa sasa nyuma nimefunga mawili ya muda.

Km 154,135. Tarehe 12 Machi

Nimeuliza watu watano wenye magari yaliyolala chini, na mafundi wawili. Jibu ni moja: kemba, yaani mwinamo wa tairi. "Umeshusha gari, tairi limelala, lazima liliwe ndani." Dawa waliyonipa ni kununua bolti za kurekebisha kemba, au kurudisha springi za zamani.

Sikubishana nao, kwa sababu tairi kweli limelala. Gari likishuka, kichwa cha tairi huingia ndani ya madigadi na mguu wake hubaki nje. Nimeweka simu kwenye ubao mnyoofu juu ya rimu na kusoma kwa programu ya kupimia mwinamo: nyuma kulia nyuzi 2.1, kushoto 1.9. Ni mwinamo wa kuonekana kwa macho, ndiyo maana kila mtu anaulaumu.

Lakini kuna kitu hakikai sawa. Tairi lililolala nyuzi mbili linakanyaga zaidi kwa ndani, sawa, ila bado linabingirika mbele. Kubingirika peke yake hakumalizi milimita saba au nane za mpira kwa kilomita elfu tano. Kinachomaliza mpira ni kuburuzwa.

Nikarudi kwenye vipande vya tairi nilivyovichana na kupitisha kiganja juu ya kashata. Kutoka ndani kwenda nje, laini. Kutoka nje kurudi ndani, kingo zinakwaruza kama msumeno. Kashata zenye kingo kali zinazotazama nje ni alama ya tairi lililokuwa limetazama nje huku gari likienda mbele. Mafundi wa alaimenti, wanaopanga mielekeo ya matairi, huita toauti: matairi mawili ya ekseli moja, ukiyaangalia kwa juu, yameachana kwa mbele, kama mtu anayetembea vidole vya miguu vikitazama pembeni. Yakikaribiana kwa mbele ni toini.

Toauti haionekani kwa macho. Milimita tatu nani ataziona?

Km 154,135. Tarehe 13 Machi

Nimeitafuta karatasi ya alaimenti niliyopewa siku springi zilipofungwa. Imeniuma. Mbele namba zote za kijani. Nyuma nyekundu, kulia na kushoto. Nakumbuka niliuliza, nikajibiwa kwamba hili gari nyuma halirekebishiki. Nikalipa, nikaondoka. Usukani ulikuwa umeinamia kulia kidogo tangu siku hiyo, nikauzoea.

Nyuma linarekebishika. Kwenye Impreza hii kila tairi la nyuma linashikwa na shokapu kwa juu, na kwa chini na linki (fito za chuma) mbili za pembeni pamoja na linki moja inayokwenda mbele. Linki ya pembeni ya upande wa nyuma, pale inapofungwa chini ya gari, ina bolti yenye kisahani ambacho tundu lake halipo katikati. Ukiizungusha, linki inasogea, na toe, yaani jinsi tairi linavyotazama ndani au nje, inabadilika. Kisahani kina mistari ya kusomea. Kiwanda hakiweki mistari kwenye kitu kisichorekebishika.

Na kosa langu mwenyewe niliandike: nilipiga alaimenti siku ileile ya kufunga springi. Springi mpya hukaa sawa baada ya kilomita mia kadhaa. Namba za siku ya kwanza zisingedumu hata kama zingekuwa za kijani kote.

Km 154,150. Tarehe 16 Machi

Siku ya kupima. Nimetumia mshipi wa kuvulia, stendi nne, rula ya chuma na uwanja wa gereji ya jirani. Uwanja nimeupima kwanza kwa mpira wa maji niliouazima kwa fundi ujenzi, ule mpira mwembamba wanaopigia levo ya msingi. Pale tairi la nyuma kushoto linapokaa palikuwa chini kwa milimita 9, nikaweka vipande vya mbao. Chini ya kila tairi nimeweka marumaru mbili zenye grisi katikati, kwa sababu gari likitoka kwenye jeki matairi hubaki yamebana na yanakudanganya. Kwenye grisi yanateleza mpaka mahali pake.

Mshipi umepita ubavuni mwa gari kwenye urefu wa katikati ya rimu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) mpaka kwenye mshipi lazima umbali uwe sawa kulia na kushoto kwa ekseli ileile. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana, maana ekseli hazilingani upana. Hapo ndipo saa nzima ilipokwisha. Mdogo wangu wa kike alikuwa upande wa pili akisoma rula, kila nikisogeza stendi ananiambia "bado, kaka, nusu milimita". Bila yeye kazi hii isingefanyika.

Halafu unapima ukingo wa mbele wa rimu mpaka kwenye mshipi, na ukingo wa nyuma mpaka kwenye mshipi. Ukingo wa mbele ukiwa karibu na mshipi kuliko wa nyuma, tairi linatazama nje.

Nyuma kulia: linatazama nje kwa milimita 3.5.
Nyuma kushoto: linatazama nje kwa milimita 1.
Mbele: jumla toauti milimita 1.5.

Nimepiga hesabu nikiwa nimekaa palepale chini. Rimu yangu ukingo hadi ukingo ni kama milimita 460. Jumla ya toauti ya nyuma ni 4.5, na gari likiwa barabarani ekseli hugawana mzigo huo, kila tairi 2.25. Gawanya 2.25 kwa 460, unapata kama 0.0049. Maana yake, kila kilomita moja, kila tairi la nyuma linaburuzwa pembeni karibu mita 5. Kutoka Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190. Yaani kila nikienda kumwona mama, matairi mawili ya nyuma yameburuzwa kiubavu juu ya lami karibu kilomita nzima, na kwa kuwa yamelala, mzigo wote wa kuburuzwa uko kwenye ule ukanda wa ndani.

Kemba imechagua mahali pa kuliwa. Toauti ndiyo iliyokula.

Na usukani nao umejieleza. Tairi la kulia linavuta zaidi ya la kushoto, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya gari inataka kwenda kulia. Ili liende moja kwa moja, lazima nishike usukani kulia kidogo, na gari zima linakwenda upande kama kaa. Unaweza kurekebisha mbele mara kumi, usipogusa nyuma litaendelea hivyohivyo.

Km 154,150. Tarehe 17 Machi

Bolti za kisahani zimeganda. Nati imefunguka, bolti haizunguki. Imeshikana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, ule mpira wa kwenye maungio ya linki. Gari lililoishi miaka kadhaa Japani kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi, kisha likaletwa kwenye upepo wa bahari wa Dar, lisigande kwa nini? Nadhani yule wa alaimenti alijaribu, akashindwa, akaona rahisi kusema halirekebishiki. Angeniambia "imeganda" ningemwelewa na matairi yangepona.

Nimemwagia mafuta ya kulainisha kutu, nimeacha.

Km 154,150. Tarehe 20 Machi

Siku tatu za mafuta, hakuna mabadiliko. Fundi wangu amejaribu kupasha moto, akaacha haraka kwa sababu tangi la mafuta liko karibu. Tumekata kwa grainda. Linki zote mbili za nyuma zimetoka na vipande vya bolti ndani.

Zilipotoka ndipo tulipoona jambo la pili. Fundi aliingiza mtaimbo kwenye linki ya kulia inayokwenda mbele, akasukuma, na bushi yake ikafunguka kama mdomo. Mpira umepasuka nusu duara. Ina maana hata zile milimita 3.5 nilizopima ni za gari lililosimama. Likiwa linatembea, ukikanyaga breki au ukipita shimo, tairi lilikuwa linajiamulia litazame wapi.

Nilimuuliza fundi bushi hii imechanika lini. Jibu lake nimelikubali, na naliandika kwa urefu kwa sababu sikuwahi kulisikia kwa wote waliokuwa wakizungumzia kemba.

Bushi za linki si beringi. Bomba la ndani linabanwa na bolti lisizunguke, bomba la nje limeshikwa na linki, na mpira wa katikati ndio unaojisokota linki inapopanda na kushuka. Kiwandani bolti hukazwa gari likiwa kwenye urefu wake wa kawaida, ili likisimama mpira usiwe umejisokota hata kidogo. Sasa mimi nimeshusha gari milimita 35 na bolti za linki hazikulegezwa. Kuanzia siku ile bushi zote zimekaa zimejisokota usiku na mchana, hata gari likiwa limelala nyumbani. Kila tuta linaongeza msokoto juu ya msokoto. Bushi ya miaka mingi haihimili hali hiyo.

Ningeelezwa hili siku ya kufunga springi, ilikuwa kazi ya nusu saa: legeza bolti zote za linki, shusha gari likae kwa matairi yake, litikise, kisha kaza. Nusu saa hiyo imenigharimu matairi mawili, bushi, na linki.

Km 154,150. Tarehe 24 Machi

Ilala. Nimepata bolti mbili mpya za kisahani, nati zake na bushi mpya za linki zote za nyuma. Bushi zimeingizwa kwa presi, bolti tumezipaka grisi ya kuzuia kuganda sehemu inayopita ndani ya bomba. Nimeangalia shokapu pia: kavu, hazivuji. Zingekuwa zimechoka tairi lingerukaruka na kashata zingekuwa na mabonde mabonde kuzunguka duara, na langu halikuwa hivyo.

Bolti zote zimekazwa gari likiwa chini, mimi nikiwa chini ya gari juu ya mbao, fundi akisimamia spana. Hakuna iliyokazwa gari likiwa linaning'inia.

Km 154,160. Tarehe 25 Machi

Mshipi tena. Nimeweka nyuma toini nusu milimita kila upande, mbele sifuri. Kemba sijaigusa. Wameniambia kemba ndiyo inayokula, basi naiacha ileile, 2.1 na 1.9, nione.

Kisha nikamkumbuka mama na gunia lake. Nikawaomba vijana wawili wa gereji wakae kiti cha nyuma, kama kilo 140 kwa pamoja, nikapima bila kugusa kitu. Jumla ya nyuma ilitoka toini milimita 1 ikawa toauti 1.5. Sikuamini, nikapima mara tatu. Gari likiinama zaidi, linki zinainama zaidi na matairi yanageuka kutazama nje. Kwenye gari la kawaida badiliko hili lipo pia, ila kulishusha kumelisogeza mpaka kwenye sehemu ambayo kila milimita ya kushuka inageuza tairi zaidi.

Kwa hiyo nimebadilisha uamuzi. Nyuma sasa ni toini milimita 1 kila upande gari likiwa tupu. Wakikaa watu wawili nyuma inakuwa toauti nusu milimita kwa jumla. Nikiwa peke yangu tairi litaburuzwa kidogo upande mmoja, nikiwa na mzigo kidogo upande wa pili, na katikati ya safari zangu zote ndiyo karibu na sifuri. Mtu anayeendesha peke yake kila siku hana haja ya kufanya hivi. Apime gari lake kwa mzigo anaoubeba kweli.

Usukani umenyooka. Nimeendesha mpaka Kibaha na kurudi, mkono mmoja umetosha.

Km 154,900. Tarehe 6 Aprili

Matairi mapya mawili nyuma, aina ileile na saizi ileile. Nimesoma tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, nimeridhika. Kina 7.8 kila mahali. Nimepima toe upya kwa mshipi, haijasogea. Nimepiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kisahani mpaka kwenye chuma kinachokishikilia, pande zote mbili. Mstari ukivunjika nitajua bolti imezunguka.

Km 156,300. Tarehe 2 Mei

Mvua za masika, mashimo yamefunguka kila mahali. Nimeingia moja baya karibu na Barabara ya Mandela. Nimechungulia mistari nyeupe: haijavunjika. Mkono kwenye kashata: laini kwenda, laini kurudi.

Km 158,050. Tarehe 8 Juni

Nyuma kulia: ndani 6.8, katikati 7.1, nje 7.2. Nyuma kushoto: 6.9, 7.1, 7.2. Zaidi ya kilomita elfu tatu.

Km 161,400. Tarehe 17 Agosti

Kilomita 6,500 juu ya matairi haya. Yale ya mwanzo hayakufika hapa.

Nyuma kulia: ndani 6.0, katikati 6.4, nje 6.5. Kushoto: ndani 6.1, katikati 6.4, nje 6.5. Kemba nimeisoma tena, ni 2.1 na 1.9 kama mwanzo. Ndani pameliwa kama nusu milimita zaidi ya nje, na hiyo ndiyo sehemu ya kemba. Sitaki kudai zaidi ya nilichofanya: nimebadilisha bushi na toe kwa pamoja, siwezi kuzigawa ipi imeokoa kiasi gani. Lakini springi ni zilezile, urefu wa gari ni uleule, na mwinamo wa tairi ni uleule.

Kilichobaki ni mbele. Toe imesogea milimita 1 kuelekea nje upande wa kushoto, na fundi anashuku tairodi, fito inayounganisha usukani na tairi. Tairodi mpya ninayo tayari. Jumamosi mdogo wangu atakuwa nyumbani, tutatandika mshipi tena, na Jumapili naenda Morogoro kumchukua mama.